Mapanga Mawili na Kiti Kimoja

Haya, niambieni, ninyi mnaojifanya wajanja: mapacha wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja ana mapanga mawili kichwani, wanayazungusha kwa hasira, panga la huyu linapita palepale lilipopita la yule, na hakatwi mtu. Ni nini?

Si mkasi. Wala si shangazi zenu wakigombana, acheni utundu. Ni helikopta ya wanangu wawili, baba yenu na baba yenu mkubwa.

Waliiunda kwenye gereji, nyuma ya nyumba hii, helikopta ndogo ya umeme ya kubeba mtu mmoja. Haikuwa na panga la mkiani. Milingoti miwili mifupi ilichomoza juu, mmoja umelalia kulia, mwingine kushoto, kama masikio ya sungura. Mapanga yakizunguka kinyume, haya yanatuliza yale, helikopta isijizungushe, na umeme wote wa betri unakwenda kunyanyua. Katikati yanapishana kama vile vyuma vya mashine ya kukorogea mayai. Kinachoyazuia yasigongane ni gia la katikati, zito kama pasi ya mkaa. Linaifunga milingoti pamoja: mmoja ukichelewa, mwenzake nao unachelewa.

Gia hilo ndilo lililowatoa damu. Helikopta ilikuwa inanyanyuka kiganja kimoja, kisha inakaa chini kama kuku anayeatamia. Baba yenu akataka gia litolewe, kila mlingoti uwe na mota yake na kompyuta izilinganishe.

"Tunabeba chuma cha bure, kaka."

"Chuma hakizimiki. Kompyuta yako ikipiga chafya, kichwa changu kinakwenda."

"Kwani hicho kichwa kina nini ndani?"

Ngumi ilimkuta baba yenu mdomo bado uko wazi. Jioni nikaokota jino lake kwenye kopo la boliti.

Na kiti nacho walikipigania. Nani atapanda wa kwanza? Baba yenu alimvunja kaka yake pua kwa spana kwa ajili ya kiti kile. Kila wakiwasha, mmoja anamvuta mwenzake shati. Mimi nilichoka kushona vifungo.

Basi asubuhi moja baba yenu akasema kwa upole, "Panda wewe, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

Kaka mtu akamtazama. "Tangu lini? Mbona leo hupandi wewe?"

 Baba yenu aliinama akakaza mkanda wa kiti, akarudi nyuma, akawasha.

Ilinyanyuka! Ilifika juu ya paa la gereji, nami nikapiga vigelegele. Kisha mota ya kushoto ikashusha pumzi kidogo, kama mtu anayejikwaa. Mapanga yakakutana.

Ule haukuwa mlio, ni kama gereji nzima inatafunwa. Kipande kikapita juu ya kichwa changu kikajichomeka ukutani. Kingine kikapita begani kwa baba yenu mkubwa, kikakata na mkanda. Helikopta ikadondoka, yeye akaangukia upande huu na mkono wake upande ule. Nilimfunga kwa gauni langu mwenyewe, damu ikinipiga usoni, naye hakulia. Alikuwa anatazama mabaki. Kifuniko cha gia kilikuwa kimepasuka, ndani hamna kitu. Gia halipo.

 Aliporudi kutoka hospitali hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja gereji, akamkuta mdogo wake, akampiga kwa bomba la alumini, mbavu zikalia. Baba yenu akamrukia, akampiga palepale penye kidonda. Meza ikapinduka, betri zikabingirika.

"Niliijaribu bila gia!" baba yenu alikuwa anapiga kelele. "Ilizunguka vizuri, haikugusa!"

"Ikiwa tupu! Haijabeba mtu! Mimi ni puto?"

Akamzungushia shingoni waya wa kuchajia, ncha moja akaishika kwa meno, nyingine kwa mkono. Akavuta. Uso wa baba yenu ukawa rangi ya ini. Nikamvuta kaka mtu nywele, nikampiga sufuria, wapi! Mwisho nikamuuma mkono. Huohuo mmoja uliobaki. Nilimuuma mwanangu hadi nikaonja damu yake, na sikuachia mpaka yeye alipoachia.

Tukabaki sakafuni watatu, tunahema kama mbwa. Bomba lilikuwa karibu na goti la baba yenu mkubwa, nililiona, naye aliona kwamba nimeliona.

"Mama, usinishike," akasema. "Nina swali moja tu. Nilimuuliza, hakunijibu. Akinidanganya, namaliza." Akamgeukia mdogo wake. "Kile kiti ulinivunjia pua kwa ajili yake. Mbona siku ile hukupanda wewe?"

Baba yenu alijishika shingo. Alitema damu. Alitazama bega lile lisilo na mkono.

"Niliogopa, kaka."