Sauti ya Mafuta

Mume wangu ni mpishi wa hoteli, na kwa miezi minne alikuwa hanusi kitu. Homa ilimwachia, lakini pua ikabaki imekufa. Vitunguu viliungua mbele yake bila yeye kujua, na mara mbili wageni walirudisha sahani. Mpishi mkuu alimwambia bila ubaya: Jumatatu ulete jibu, ama ujaribu tena jikoni wiki moja, ama uhamie chumba cha kufulia mashuka.

Alikuwa ameshachagua mashuka. Hakusema, lakini nilikuta aproni yake ameikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Nami nilikuwa nikiamka kabla hakujapambazuka kumwombea. Sikuomba makubwa. Nilimwomba Mungu amwonyeshe tu pa kushika.

Jumamosi hiyo mdogo wangu, fundi wa matairi, alitupeleka kupiga kambi kando ya mto. Asubuhi ya pili alivua samaki watano. Nikabandika kikaango juu ya mawe matatu, nikasingizia mgongo unauma. Mungu anisamehe, haukuwa ukiuma.

"Baba watoto, hebu shika mwiko," nilisema.

Samaki wa kwanza alitoka mweusi upande mzima.

"Shemeji," mdogo wangu akasema, "huyu umemkaanga au umemvalisha suti?"

Mume wangu hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Unaona, mama? Nimegeuka kuongea kidogo tu, kwisha. Mwenye pua angejua."

"Jaribu mmoja tu."

"Wa nini? Mle makaa?"

Mdogo wangu aliona mzaha wake umeharibu, akaenda kutafuta kuni. Nilimfuta maji samaki wa pili, nikamtia chumvi, nikamtumbukiza mwenyewe. Mafuta yakapiga kelele kama mvua juu ya bati. Nikafumba macho nikaomba.

Nilipofumbua, mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kikaangoni. Nikataka kumgeuza samaki, akanishika mkono.

"Bado. Msikilize, bado ana maji."

Kelele ikaendelea, kisha ikapungua, ikawa nyembamba, ya kuchemka pole pole.

"Sasa."

Aligeuza. Ngozi ilikuwa rangi ya asali, wala haikuganda kikaangoni.

"Umejuaje?"

"Kule kazini feni la moshi linanguruma kutwa. Miaka kumi na saba, sijawahi kuyasikia mafuta."

Upande wa pili aliupa mgongo kabisa, akakaa akitazama mto. Aliposema "sasa", nikaepua. Samaki alikuwa ameiva sawasawa.

Mdogo wangu alirudi na kuni, akamega mkia, akala amesimama.

"Shemeji, mke wangu asijue nimesema haya," alianza, kisha akamega tena badala ya kumaliza.

Mume wangu alikuwa ameshamtia wa tatu.

"Jumatatu nitachukua ile wiki," alisema. "Nitamwomba mpishi mkuu jiko la kona, mbali na feni."

"Na akikataa?" nikamuuliza.

"Nitamwomba alizime dakika tano, asikilize pamoja nami. Sogeza sahani, huyu anakaribia."

Nilisogeza sahani, nikishukuru kimoyomoyo nisije nikamharibia usikivu.