Chini ya Mininga ya Kisimani

Advera alikuwa mwanamke wa kwanza kufanywa mzee wa kanisa kijijini kwao, upande wa Ipole. Kwa hiyo ilipokubaliwa kanisa jipya lijengwe kwenye kichaka cha mininga karibu na kisima, yeye ndiye aliyeombwa kuongoza sala kabla ya kukata.

Kichaka hicho hakikuwa kimeguswa tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mashamba ya tumbaku yalikizunguka, njia zilipinda kukikwepa. Hata Masolwa, mumewe, mrina asali aliyebatizwa tangu utotoni, hakuwahi kutundika mzinga humo.

"Mkristo mzima unaogopa mizimu?" Advera alimwuliza.

"Siogopi mizimu. Naogopa tusichokijua."

Sala ilipokwisha, wakataji wakasitasita. Advera akachukua shoka, akapiga yeye. Utomvu mwekundu ukachuruzika kwenye gome kama damu ya kidonda. Mtu akaanzisha wimbo, wenzake wakashindwa kuupokea.

Miti yote ikalala. Walipochimba msingi, jembe likagonga fuvu. Kando yake mbavu, shanga za kioo, kisha fuvu jingine, na jingine. Hakuna aliyejua ni makaburi ya nani, akaitwa Awadhi, mwadhini wa msikiti wa barabarani. Alichuchumaa pale, akaitazama mifupa ilivyolala.

"Mama, hawa wamezikwa na Waislamu wenzao," alisema. "Wamelazwa ubavu wa kulia, nyuso zimeelekea kaskazini, kibla. Nadhani ni wapagazi wa msafara."

Mchungaji akataka mifupa ihamishwe, msingi uendelee kabla ya mvua. Advera akashuka shimoni.

"Hapana, mchungaji. Hapa hapajengwi. Fukieni."

Wakafukia, Awadhi akisoma dua, Advera akisukuma udongo kwa viganja. Kiwanja kingine kikatafutwa.

Lakini kivuli hakikurudi. Kisima kikashuka hadi tope. Nyuki wa Masolwa wakahama, mizinga ikabaki mitupu. Majira ya mvua yakapita bila tone. Kanisani, watu wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi la Advera.

Asubuhi moja alimwona Flavia, shoga yake wa kwaya, akipita mbali na mlango wake. Akamfuata.

"Kwani nimekukosea nini, Flavia?"

"Wanasema uliwaamsha, halafu ukawafunika wakiwa macho."

"Na wewe unasemaje?"

Flavia aliitazama mikono ya Advera, akajitwika ndoo yake, akashika njia ndefu ya mtoni.