Farasi Aliyekuja Kuulizia Majibu

Farasi aliyekufa Jumamosi alifika maabara Jumanne saa nne asubuhi, kwa mlango wa kupokelea sampuli, akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Mpokeaji, ambaye wenzake walimwita Mzee wa Muhuri, alimwomba namba. Ilikuwa kwenye kibandiko shingoni. Akaitafuta daftarini, akamwambia majibu yake yalishatoka jana, hakuna dawa iliyoonekana, ila kama ana malalamiko asubiri ukumbini. Farasi akasubiri.

Mpimaji alimkuta hapo alipotoka kuosha mirija. Alimfahamu. Mdogo wake, kitindamimba wao, ndiye aliyekuwa mgongoni mwa farasi huyo mfupa wa mguu wa farasi ulipovunjika kwenye kona ya mwisho ya mbio, na sasa alikuwa nyumbani, bega limeteguka, mkono umefungwa kitambaa. Na mkojo wa farasi uliochukuliwa siku ile ya mbio aliupima yeye mwenyewe, akaandika: safi.

Farasi wa mashindano hufundishwa kukojoa kwa mluzi. Mpimaji alikinga kikombe, akapiga mluzi, farasi akatoa chake bila ubishi. Safari hii hakuhangaika na kipimo cha haraka, maana kile hutambua dawa za kwenye orodha tu, kama bawabu anayejua sura za wezi wa zamani. Alikwenda kwenye mashine kubwa, ile inayotenganisha kila kilichomo na kukipima uzito. Dakika ya kumi na moja ukachomoza kwenye karatasi mstari mrefu kama mwiba. Akapitisha maji matupu; mwiba haukuwepo. Akapitisha mkojo wa Jumamosi uliobaki kwenye jokofu; mwiba uleule, dakika ileile. Ilikuwa dawa ya maumivu iliyozoeleka, ila fundi fulani alikuwa ameibadilisha kidogo, kama shati kuukuu lililotiwa kola mpya. Kazi yake ni kuufanya mguu mbovu usahau ubovu wake.

Mkuu wa maabara alizisoma karatasi taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, tena tangu zamani.

"Hii kwenye orodha ipo?"

"Haipo, mkuu."

"Basi hatujaiona."

"Farasi mwenyewe yuko pale nje. Hawezi kukanyaga."

Mkuu alisema amempita wakati anaingia, na amemwonea huruma. Lakini sampuli iliyotolewa baada ya kifo haina sahihi ya daktari wa mifugo. Na orodha hubadilishwa na kamati, na kamati ni ya wenye farasi. Kesi ya nyani utampelekea ngedere? Akamrudishia karatasi zake, akamwuliza kama amekula.

Jioni mpimaji alimweleza mdogo wake yote, kuanzia mluzi hadi mwiba, akamwomba asipande tena farasi wa banda alikofugwa yule aliyekufa. Mdogo wake alisikiliza akiwa anavaa shati. Mikono yote miwili ilipanda juu kwa wepesi. Kitambaa kilikuwa kimetupwa kitandani.

"Bega je?" mpimaji akauliza.

"Daktari wa banda alipita mchana, akanichoma sindano. Siumwi kabisa, dada. Jumamosi napanda."

Mpimaji alilishika lile bega. Mfupa ulikuwa bado umekaa upande. Akambonyeza pale ambapo mtu angepiga yowe, na mdogo wake akaendelea kufunga vifungo.

Jumamosi alipanda, akashika nafasi ya tatu. Farasi aliyempanda alifika maabara wiki tatu baadaye, naye akichechemea, mguu wa nyuma. Kisha wakaja wengine wawili kwa siku moja. Mfagiaji alijifunza kuwazunguka. Idara ya vifaa ilileta mikeka ya mpira ili sakafu isichubuke, na Mzee wa Muhuri akawafungulia daftari lao.

Kila Jumatatu sampuli za mbio huletwa kwenye sanduku pana, na ukumbi ni mwembamba. Mpimaji huwaomba radhi, husema tupisheni kidogo, na farasi husogea ukutani mmoja mmoja, kwa miguu mitatu mitatu, hadi sanduku lipite.