Pazia Lililotibiwa Pumu

Dawa ya moto si moto. Wahenga watuwie radhi, lakini hawakuwahi kutazama makohozi ya shangazi kwa hadubini.

Binti wa kaka yake, mtaalamu wa maabara, aliyatazama. Shangazi alikuwa fundi wa magodoro, na pumu ilikuwa imemfikisha pabaya: mishono mitatu, anapumzika, mitatu mingine, kifua kinapiga filimbi. Katika kila chembe mia, kumi na nane zilikuwa za kinga, walinzi wa mwili wenye punje nyekundu, wamefurika kana kwamba kuna vita. Daktari akaandika pampu ya steroidi, dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe kifuani, asubuhi na jioni.

Wiki sita baadaye pampu ilikuwa tupu, lakini walinzi walikuwa kumi na tisa.

Binti alihesabu upya, kisha jioni akaenda kwa shangazi bila taarifa. Akamkuta dirishani, pampu mpya mkononi. Pssst! Dawa yote kwenye pazia.

“Shangazi! Pazia nalo lina pumu?”

“Jirani kasema inaua askari wa mwili. Nijimalize kwa mkono wangu?”

“Askari gani hao? Mwizi hayupo, wao wanavunja nyumba! Dawa inawapunguza hao waliojazana, upate kupumua.”

Shangazi akaificha pampu kwenye kanga. “Basi iwe siri yetu, mwanangu.”

Isingewezekana. Daktari, akiamini pampu imeshindwa, alikuwa tayari kumwanzishia vidonge vikali. Binti akasimama mbele yake, shangazi akisikia, akaeleza yote mpaka maua ya pazia. Shangazi aliinamisha uso. Tangu siku hiyo alivuta dawa, akasukutua mdomo kama alivyoagizwa, akanuna.

Baada ya mwezi, walinzi wenye punje nyekundu walikuwa wawili tu kwa mia. Binti akapeleka habari mwenyewe. Alimkuta shangazi anashona godoro kuanzia pembe hadi pembe, huku akimsengenya jirani bila kituo.

“Jana nimelala chali,” shangazi akasema, machozi yakimlengalenga. “Mwaka mzima sijalala chali. Mungu akulipe, mwanangu. Ila uliniumbua mbele ya daktari, mtu mzima mimi. Niombe radhi, yaishe.”

Binti akaibusu mikono yake yenye nyuzi za pamba.

“Shukrani napokea, shangazi, zote. Radhi siombi.”