Mguu wa Pili

...kwa sababu neno lenyewe ni moja tu, ndiyo au hapana, na mtu aliyekuwa mzee wa kanisa miaka yote hii alipaswa kuwa nalo tayari kinywani, kama refa alivyo na filimbi, aliwaza Haggai Lokopio, amepiga magoti kwenye sakafu ya darasa la Shule ya Sabato, mbele yake beseni la plastiki, ndani ya beseni maji ya mvua kutoka tangini, na ndani ya maji mguu wa kulia wa mpwa wake Delton Pitu, mguu uliofunga mabao mengi kuliko miguu mingine yote ya Sobiro ikijumlishwa, tangu mmisionari wa kwanza ashuke pwani hii na mpira mkono mmoja na amri ya kuitakasa Jumamosi mkono wa pili, asimwambie mtu kwamba iko siku mikono hiyo itagombana... maji yalikuwa ya baridi kidogo, Delton alikunja vidole, na huku nyuma wanaume wengine wamekaa wawili wawili kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, tai shingoni, suruali zimekunjwa, wakitawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na Mchungaji Zebulon akisoma habari za unyenyekevu kwa sauti ya mtu anayetangaza safari za meli, wapendwa, chagua mwenzio, hasa yule mliyekwaruzana naye... na Delton alikuwa amevuka chumba kizima, akawapita rafiki zake wote, polepole, kwa hatua za heshima kama shemasi aliyebeba sadaka, akaja kuketi hapa na kunong'ona, "Mjomba, leo ndiyo leo. Nicheze, nisicheze?" na Haggai, badala ya kujibu, akaushika mguu, kwa kuwa mguu angalau ulikuwa unajulikana cha kuufanyia.

Saa tisa alasiri, ng'ambo ya ghuba, uwanja wa Patuvasa, nusu fainali, na Sobiro isipotokea inaondolewa kwenye ligi, kwa kuwa mwaka jana pia haikutokea, nayo ligi husamehe mara moja tu, tofauti na Mungu... boti iko tayari, petroli ilinunuliwa Ijumaa mchana ili mtu asinunue kitu Sabato, vijana kumi na mmoja wako humu humu wanaoshana miguu na kumtazama yeye kwa pembe za macho, akienda Delton wanaenda wote, akibaki wanabaki wote, na Delton alisema mbele yao Alhamisi kwamba yeye atafanya atakaloambiwa na mjomba wake, basi, neno moja, kwa kuwa kocha ni Haggai, na mzee wa kanisa ni Haggai, na watu hao wawili hawajazungumza tangu Alhamisi... na si kwamba hakujaribu, alimpigia simu katibu wa ligi, mtu mpole anayeongea na tambuu shavuni, akamwomba mechi isogezwe, "Mzee, Jumapili ina wenyewe, wako kanisani, Jumatatu watu wako kazini, chama kinaheshimu dini zote sawasawa, ndiyo maana tumeweka Jumamosi." "Lakini Jumamosi sisi ndio tuko kanisani." "Naam, Mzee, hilo tumelipokea na limeingia kwenye kumbukumbu," na bila shaka liliingia, na huko kwenye kumbukumbu liko salama mpaka kiama... baraza la kanisa nalo likakaa, likaunda kamati ndogo ya kuchunguza kama mshika kibendera anacheza au anasimama tu, kamati ikarudi na jibu kwamba kusimama si dhambi ila kukimbia na kibendera kunahitaji uchunguzi zaidi, na mzee Enosi akauliza, "Je, kushangilia? Kimoyomoyo?" na hakuna aliyecheka, na mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa nani, Haggai, na Delton akicheza, jina lake likifutwa kwenye orodha ya washiriki, atakayesimama kulisoma mbele ya kanisa ni nani, Haggai, mtoto wa dada yake, damu yake, kwa desturi ya hapa mjomba ndiye mlango wa nyumba ya mtoto, na mlango huo ndio utakaomfungia nje...

"Bwana wee, hii ni miguu au mizizi ya mkoko?" Enosi alikuwa anamwuliza mwenzake wa kiti cha pili, "Osha wewe, acha maneno," "Naosha, naosha, ila ungenitahadharisha nije na panga," wakacheka kwa pua kama watu wanaocheka kanisani, Mchungaji Zebulon akapandisha sauti kidogo... ng'ombe aliyetumbukia shimoni, Haggai aliwaza, hutolewa hata siku ya Sabato, hilo liko wazi, lakini timu iliyotumbukia? na Sobiro haina ng'ombe, haijawahi kuwa na ng'ombe, mifano yote ya kutusaidia ilipewa wafugaji... akamwagia maji kwa kiganja juu ya unyayo, mgumu, una kovu la tumbawe kisiginoni, analikumbuka kovu hilo, Delton alikuwa na miaka tisa, mwaka ule ule aliofariki Meriva, dada yake Haggai, mama wa Delton, homa iliyomaliza kazi yake katikati ya ghuba, boti ikiwa bado haijaiona zahanati, na kwenye mazishi mchungaji wa wakati ule, mtu mwema, Mungu amrehemu, alimwinamia mtoto akasema, "Bwana alihitaji ua katika bustani yake," na mtoto akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza chakula kiko wapi, "Kwani bustani yake haina maua?" na watu wote wakamtazama mjomba, na mjomba akasema, "Nyamaza, mwanangu, Mungu anajua," na mtoto akanyamaza, akachukua mpira wake wa matambara akaupiga kwenye ukuta wa kanisa, dung, dung, mpaka giza likaingia, na ilikuwa Sabato, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia aache, baraza halikukaa, kamati haikuundwa, siku ile walijua la kufanya, walijuaje...

Akaukausha mguu wa kulia kwa taulo, kidole kwa kidole, akanyoosha mkono kwa wa kushoto, na wa kushoto haukuja. Ulikuwa bado ndani ya soksi, umerudishwa chini ya kiti. "Mmoja unatosha, Mjomba," Delton alisema. "Nani kakwambia?" "Watu wengi, muda umekwenda." "Hakuna ushirika wa mguu mmoja, lete hapa." "Mjomba, nakuomba," na ile nakuomba ilikuwa na kitu ndani yake, wa kushoto, mguu wa kusimamia, mashabiki hutazama mguu unaopiga, kocha hutazama unaosimama, aliwaambia hivyo miaka yote... akaushika, akavua soksi, na mikono yake ikajua kabla ya macho, joto, kifundo kimejaa kama kiazi kilichotoka kwenye mawe ya moto, ngozi imevutwa inang'aa, na rangi yake si nyekundu ya leo wala si zambarau ya jana, ilishafika kwenye manjano na kijani, huu ni uvimbe wa Jumatatu, Jumanne ukichelewa sana, vifundo vingapi vimepita mikononi mwake, hakosei, na swali liliulizwa Alhamisi, Delton kakaa juu ya mpira pembeni mwa uwanja, soksi ndefu mpaka magotini, akisema yeye hagusi mpira mpaka dini imjibu, wakamwona shujaa, mabeki wawili walitokwa na machozi, kumbe hata kusimama... "Usiseme kwa mtu," alinong'ona Delton, "tafadhali."

Na la kwanza lililopanda kifuani, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha, asante Bwana, jibu hili hapa, limekuja limevimba, mguu hauchezi, basi, hakuna dhambi wala uasi, hakuna jina la kufutwa, vijana watakaa, ligi itawafuta yenyewe kwa sababu ya mfupa na si kwa sababu ya Mzee Haggai, atatoka hapa akiwa na majonzi yanayofaa usoni na kula chakula cha mchana kwa amani... watu wamejengea ushuhuda vitu vidogo kuliko hivi, Enosi alikosa boti akaiita maongozi, kumbe alilala... akazamisha mguu ndani ya beseni polepole, na furaha nayo ikazama, kwa kuwa nyuma yake lilikuwa linakuja jambo jingine, kwamba huyu kijana aliuliza swali ambalo mguu wake ulikuwa umeshalijibu. Akikatazwa na mjomba, ni shahidi wa imani, atatajwa katika mahubiri mpaka mji mkuu, Honiara, akikatazwa na kifundo, ni mtu aliyeteleza tu, labda kwenye ngazi ya gatini. Na akiruhusiwa? angeingia uwanjani na mguu huu, angeanguka dakika ya tano, na watu wangesema ni mkono wa Mungu, au ni ruhusa ya mjomba, lawama ingemwangukia kila mtu pale isipokuwa Delton... hasira zikampanda, mjanja, mtoto mjanja, kajifunza wapi ujanja huu, kujificha nyuma ya Mungu kwa swali la neno moja, kajifunza wapi... na macho yake yakatua juu ya viti vidogo, vile vile alivyokalia Delton utotoni, na ubao ambao kila Sabato yeye Haggai aliandika swali upande wa kushoto na jibu upande wa kulia, watoto wakakariri kwa pamoja, hakuna swali lililowahi kuvuka mstari, akahisi uso unamwaka.

Na jezi je, Haggai? Alizifua mwenyewe jana, kabla jua halijazama, Nerolyn mkewe akichungulia kutoka jikoni na kijiko mkononi, "Hizo unamfulia nani?" "Jezi chafu ni jezi chafu." "Haya. Na zikishakuwa safi, zinaenda wapi?" akajifanya hakusikia, akazianika, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko karibu na mlango, si juu ya kabati, karibu na mlango, mtu aliyekuwa bado anatafakari, anafunga na kuomba kwa ajili ya neno moja... alimngoja Delton amwulize kama vile Delton alivyomngoja yeye ajibu, maana akisema ndiyo angepanda boti kwa kuwa kocha hawezi kuwaacha vijana, na akisema hapana angebaki na sifa zake, ligi ikimlaumu Mungu, na Mungu hana simu, vyovyote vile asingekuwa yeye aliyeamua. Na hakuna aliyemwuliza, hata yeye mwenyewe, wewe Haggai unaamini? si baraza, wewe... na ajabu, alipojiuliza, hapo magotini, maji yakiwa yamefika kwenye mikono ya shati, hakukuta kanuni, alikuta Ijumaa jioni, injini za boti zikizimwa moja baada ya moja kote ghubani, ile ya mwisho, kisha ukimya unaokuja juu ya maji kama mgeni anayejua nyumba, Meriva alikuwa akisema sikiliza, imefika, na wanakaa barazani hawafanyi kitu, hawadaiwi kitu... anaipenda, kumbe anaipenda siku hii, angeishika hata kama hakuna orodha wala washiriki wala mtu wa kusoma majina, basi hatapanda boti, hilo lilisimama ndani yake wima, bila kelele, hapandi, na mfuko wa jezi utakaa pale mlangoni, atakayeuchukua auchukue, na jina la yeyote atakayeuchukua yeye halisomi, watafute mwenyekiti mwingine, wapo wengi wenye sauti nzuri... lakini hilo ni lake, la Haggai, halimwagiki kwa kiganja juu ya mguu wa mtu mwingine, na siku ile ya mazishi mtoto aliuliza kuhusu maua na hakuna aliyemwuliza yeye chochote, hata kama ana njaa, dung, dung, ukutani...

"Wapendwa, wale waliomaliza wabadilishane nafasi," alisema Mchungaji Zebulon, viti vikakwaruza sakafu, Enosi akaguna akiinuka kutoka magotini, akasema, "Sasa zamu yako uone cha moto," kocha na mzee wa kanisa wakiwa bado wamepiga magoti yale yale mawili, beseni moja, na juu yake Delton ameinama, jasho kwenye mdomo wa juu, si macho ya mjanja, macho ya mtu aliyesimamia mguu mbovu tangu Jumatatu bila kumwambia mtu, na yule wa kuambiwa angekuwa nani, mama yake yuko mchangani na mjomba wake ana majibu, "Mjomba," alinong'ona, "sema basi. Ndiyo au hapana," na Haggai akaona vijana kumi na mmoja wameacha kukausha miguu, mataulo yananing'inia, chumba kizima kimegeuza sikio, na akagundua kwamba haoni haya, akaweka kiganja chini ya kisigino, akakibeba kama mtu abebavyo kitu kisichokuwa chake, akapitisha kidole gumba pembeni mwa uvimbe, taratibu, na kuuliza, "Inauma wapi?" maji yakidondoka kutoka kwenye kiwiko, hana jibu aliloliweka tayari, akangoja.