Fimbo ya Shaba Nyuma ya Jiko

Kivuko kilikuwa kimeshaachia gati la Mwanza mjini kuelekea Kamanga, nami nimeshakalia begi langu, Rebeka aliponipigia simu.

"Shikamoo mzee Josephat. Swichi kubwa inajizima yenyewe."

"Marahaba. Umeme ukiruka lazima izime, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

"Inazima kabla umeme haujaruka, mzee. Kabla! Dakika mbili nzima. Leo mara ya nne."

Kazi ya mtu siiachi na dosari. Tulipofika ng'ambo sikushuka, nikarudi na kivuko hichohicho.

Rebeka alikuwa anachapa kadi za harusi na ratiba za mazishi nyumbani kwao Pasiansi, alikoishi na mama yake, Ng'washi. Kompyuta ndiyo iliyowalisha. Umeme wa mtaa wao unacheza: taa inafifia kama kibatari, halafu inawaka mpaka unafumba macho. Kompyuta mbili zilishaungua hivyo. Ya tatu aliipata kwa kuuza cherehani ya mama yake, na aliniambia wazi kwamba ya nne haipo.

Wiki iliyotangulia nilimfungia stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme. Lakini stabilaiza bila waya wa kwenda ardhini ni nusu ya kazi, maana umeme uliozidi unataka pa kukimbilia. Na kwao ni mwamba mtupu. Nilizunguka na nyundo asubuhi nzima, wenyewe wametoka, nikapata mahali pamoja tu penye udongo laini, nyuma ya jiko, pameota matembele. Nikapigilia fimbo ya shaba. Futi nne za mwanzo zilinitoa jasho. Ya mwisho ilizama yenyewe, nyundo ingali mkononi. Nikafurahi.

Sasa niliporudi nilimkuta Ng'washi amekaa chini karibu na ile fimbo, amenyoosha miguu.

"Fundi, umesoma wapi?"

"Hapa na pale, mama. Darasa la nne, halafu migodini."

"Huko hawafundishi kuuliza? Hapo ulipopigilia amelala Yakobo. Mume wangu."

Kaburi lilikuwa halijajengewa, na msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa. Nikaomba radhi, nikainama niing'oe.

Rebeka akanishika mkono. "Subiri, mzee. Juzi friji ya Pius hapo jirani imeungua, na runinga yake. Kompyuta yangu bado nzima! Ukiing'oa tutakula nini?"

"Matembele," mama yake akasema. "Si hayo hapo?"

"Mama, baba anatulinda. Mbona unakasirika?"

"Ametulinda miaka arobaini. Kwani yeye hachoki?"

Wakatazamana, hakuna aliyetaka kushindwa. Mimi, ili tu nipate la kufanya, nikazima swichi kubwa, nikaufungua waya wa nyumba kwenye fimbo, nikaipima fimbo yenyewe. Hapo kipimo kinatakiwa kisome sifuri. Kilisoma volti mia mbili na thelathini. Umeme umetulia tuli, ambao Mwanza sijawahi kuukuta.

"Nini?" Rebeka akauliza.

"Umeme. Ila haushuki ardhini, mwanangu. Unapanda."

Hakunielewa, nikamwonyesha kipimo. Namba zilianza kupungua mbele ya macho yetu. Mia mbili na kumi. Mia moja tisini. Zilikwenda taratibu, zikisimama kidogo, kisha zikiendelea, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mia moja hamsini.

Rebeka alirudi nyuma hatua moja. Aliitazama nyumba, dirisha la chumba chenye kompyuta, halafu akatazama chini.

"Ing'oe," akasema. "Ing'oe kabla hazijafika sifuri."

Nilivuta, ikagoma. Nikavuta tena. Ng'washi akainama, akasema maneno machache ya Kisukuma, polepole, na fimbo ikaja mkononi kama nimekabidhiwa. Ncha yake haikuwa na udongo hata chembe. Ilikuwa na uvuguvugu.

Kompyuta iliungua Jumapili iliyofuata, wenyewe wakiwa kanisani. Rebeka amepata meza kwenye duka la dada mmoja, Safia, kule Mabatini, anachapa kwa mashine ya watu. Pius amehama. Ng'washi alifariki mwezi Machi, akazikwa ubavuni mwa mumewe. Wachimbaji walitumia siku mbili kwa sababu ya mwamba. Mimi niko Nansio, kisiwani, nafunga sola.