Majani ya Mapera mu Chungu ya Chuma

Kabwe alisomaka agronomie, masomo ya kulima, ku université, na mwaka ya pili aliipenda sana mupaka akaifanya mara tatu. Kisha akaacha. Lakini ile siku, kule Naviundu, kwa wazazi ya muchumba wake Adolphine, alikuwa profesa muzima. Alikuya kuomba binti. Papa Mwaba, baba ya Adolphine, muzee wa kazi ya treni, alimusikiliza na sikio moja tu. Alikuwa anakamata tu tumbo yake, inamuuma tangu asubui.

"Papa, nitakuponyesha," Kabwe akasema, akaenda kuvuna majani ya mapera nyuma ya nyumba. Alirudia na mikono yote imejaa majani, kinywa imejaa maneno.

"Lijani inatengeneza acide gallique, Papa. Inakamata sukari moja, inaibebesha acide tano. Lijani ikikomaa, zile acide zinashikana mbili mbili, njo inakuwa tannin ya nguvu. Kinkubala, ile kiwavi ya majani, akikula, tannin inakamata mate yake, kinywa inakauka. Njo lijani inajikinga."

"Vinkubala siye tunabikula na bukari ya unga," Papa Mwaba akasema. "Biko binene. Ile tannin yako haifanye kazi."

Kabwe akacheka sawa vile mukwe anapaswa kucheka, akaweka chungu ya chuma ku moto.

"Kamata ile ya aluminium," Adolphine akamwambia.

"Wacha siye bantu ya masomo tufanye."

Maji ikatoka nyeusi ti, sawa wino. Mama Albertine, mama ya Adolphine, akafanya alama ya musalaba.

"Huyu eko muchumba ao mulozi?"

Sasa Kabwe alijua kwa nini maji iko nyeusi: chuma na tannin. Ilikuwa swali ya tatu ya examen, ile aliachaka wazi myaka yote tatu.

"Mama, nitabaelezea..."

"Kunywa kwanza," Papa Mwaba akasema. "Kikombe muzima. Utaelezea kisha."

Kabwe akakunywa. Ulimi ikakauka, ikagandama ku juu ya kinywa. Akaonyesha chungu na kidole, maneno haitoke.

"Papa, haiko sumu," Adolphine akasema. "Ni chuma njo inafanya nyeusi. Shangazi Kiki anapakaaka kapu yake rangi vile. Nilimwambia Kabwe akamate ya aluminium."

Papa Mwaba akamwangalia Kabwe murefu. Tangu Kabwe afike, ilikuwa mara ya kwanza nyumba kunyamaza.

"Hii dawa iko muzuri sana," akasema. "Lete familia yako siku ya mungu. Binti, ukiisha kuolewa, umupikiake hii chai kila asubui. Mu chungu ile ile."